Nakala za muda za ritani ya ushuru: kuziacha au kuzifuta?

Ukiwa umefungua jedwali la ritani, yaani taarifa ya mapato na ushuru wako, kwenye Excel, kisha ukaiamuru kompyuta ikuonyeshe faili zilizofichwa, utaona kando ya jedwali lako faili nyingine yenye jina lilelile, ila inaanza kwa alama mbili: ~$. Ndani yake hamna mshahara wala hesabu yoyote. Ni faili ndogo ya baiti 165 tu, na kazi yake ni kushika jina la aliyefungua jedwali ili mtu mwingine asiliandikie juu kwa wakati uleule. Jedwali likifungwa vyema, faili hiyo hutoweka. Stima ikipotea ghafla, hubaki palepale, na wengi hukutana nayo kwa mara ya kwanza siku hiyo, wakaidhania ni virusi au ndiyo ritani yao iliyoharibika.

Nimeanza na faili hii isiyo na madhara kwa sababu watu wanapobishana kuhusu faili za muda, yaani zile ambazo kompyuta hujitengenezea yenyewe kazi ikiendelea, huziweka zote kapu moja. Wapo wanaosema zifutwe kila siku kwa ajili ya usalama, na wapo wanaosema zisiguswe kamwe kwa kuwa ndizo zinazookoa kazi. Kila upande una haki yake, lakini kila upande unazungumzia faili tofauti.

Nchini Kenya, mwenye PIN, yaani nambari ya mlipa ushuru, ya Mamlaka ya Ushuru, KRA, anatakiwa kuwasilisha ritani ya mwaka uliotangulia kabla ya tarehe 30 Juni kwisha. Aliye na mshahara pekee anaweza kujaza moja kwa moja kwenye iTax, tovuti ya KRA ya ushuru. Mwenye biashara au mapato ya aina nyingine kwa kawaida hupakua fomu ya Excel iliyofungwa katika faili ya zip, yaani faili iliyobanwa, huijaza, huruhusu makro (amri ndogo zilizo ndani ya fomu) zifanye kazi, kisha hubofya kitufe cha kuhakiki kilicho kwenye ukurasa wa mwisho. Fomu ikikubali hesabu zake, hutengeneza faili mpya ya zip, na hiyo ndiyo inayopandishwa kwenye iTax. Kwa hiyo, ingawa tunasema tunatumia programu ya ushuru, anayeshughulika na kazi yetu kwa saa hizo zote ni Excel akisaidiwa na Windows. Tabia za faili za muda ni tabia za hao wawili. KRA haikuzipanga, na wala haiji kuzisafisha baada yako.

Excel, isipobadilishwa mipangilio, huweka nakala ya kujikomboa, ya kuokoa kazi ikikatika ghafla, kila baada ya dakika 10, katika folda iliyofichwa ndani ya AppData, mahali ambapo Windows huweka data za programu. Kitabu cha kazi, yaani faili ya Excel, ambacho hakikuwahi kuhifadhiwa kabisa kinaweza kupatikana katika folda nyingine kwa muda wa siku nne. Kila unapohifadhi, Excel huandika kwanza faili ya kati yenye jina la herufi na tarakimu zisizoeleweka, kisha huipa jina la faili yako. Kompyuta ikizimika katikati ya hatua hiyo, faili ya kati inaweza kubaki imezubaa kwenye folda.

Sasa fikiria usiku wa tarehe 30 Juni. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi amekuwa akiingiza matumizi ya mwaka mzima tangu saa kumi na mbili jioni: kodi ya duka, mishahara ya vijana wawili, usafiri, mali iliyobaki. Saa nne na nusu stima inapotea. Akichelewa kuwasilisha, faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kiasi chochote kilicho kikubwa zaidi. Stima ikirudi, Excel inamwonyesha orodha ya nakala zilizookolewa, na iliyo ya mwisho imepungukiwa na dakika chache tu za kazi. Mtu huyo huwezi kumwambia kwamba faili za muda ni takataka. Ushauri wa kuzima kabisa uhifadhi wa kujiendesha, unaotolewa na baadhi ya watu wanaojali faragha, mimi siukubali hata kidogo katika nchi ambayo stima hukatika bila taarifa.

Hata hivyo nakala iliyookolewa ina hatari yake, na hatari hiyo haizungumzwi vya kutosha. Ni nakala ya zamani kidogo, nayo hufunguka ikiwa na sura ileile ya kazi kamili. Ikiwa dakika nane za mwisho ndizo ulizotumia kusahihisha mauzo ya mwezi wa Agosti, hesabu iliyokosewa imerudi mahali pake bila kukuambia. Kitufe cha kuhakiki hakijui kuhusu risiti zako. Kinaangalia tu kama visanduku vimejazwa ipasavyo na kama hesabu zinalingana ndani ya fomu. Ritani hupita, na kosa hugunduliwa baadaye, ikabidi kuwasilisha ritani ya marekebisho. Anayefungua nakala iliyookolewa anapaswa kuihifadhi mara moja kwa jina jipya lenye saa, kisha arudi ukurasa kwa ukurasa akiwa na karatasi zake mkononi. Kazi hiyo inachosha, hasa saa tano za usiku, lakini sioni njia nyingine.

Kuna faili moja ya muda inayowaumiza watu kuliko zote, nayo ni ile wasiyojua kwamba ni ya muda. Fomu huja ndani ya zip. Mtu asipoitoa humo kwanza, akaibofya tu ikiwa bado imefungwa, Windows huchukua nakala yake na kuiweka kwenye Temp, folda ya faili za muda, na nakala hiyo ndiyo inayofunguka. Jirani yangu anayefuga kuku alijaza fomu yake jioni nzima kwa njia hii. Excel ilipomwuliza ahifadhi wapi, alikubali jibu la kwanza bila kusoma. Asubuhi aliniletea kompyuta. Nikamwuliza, “Mama, ulihifadhi wapi?” Akanionyesha zip iliyo kwenye folda ya vipakuliwa, na fomu iliyokuwa ndani yake ilikuwa tupu kama ilivyotoka kwa mamlaka. Kazi yake tuliikuta kwenye Temp, katika folda yenye jina refu, na tuliikuta kwa sababu tu kijana wake alikuwa bado hajaendesha programu ya kusafisha aliyozoea kuiendesha kila wiki. Wanaoshauri kwamba Temp ifutwe kila siku bila kuangalia wamkumbuke mama huyu.

Nikigeukia upande wa pili, sina budi kukiri kwamba hoja ya faragha ni nzito kuliko nilivyoidhania zamani. Tazama kilichomo kwenye fomu ya mkazi wa kawaida: jina na PIN yake, benki na nambari ya akaunti, PIN ya mwajiri, mshahara wote na ushuru uliokatwa, taarifa za mke ikiwa mapato yake yanatangazwa pamoja, na swali la kama mtu ana cheti cha msamaha kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu hali ya afya, mali, ndoa na familia kuwa data nyeti. Nakala ya kujikomboa inayobaki AppData ina haya yote, na haina nywila.

Kwa mwenye kompyuta yake nyumbani, jambo hili linaweza kusubiri. Kwenye saiberi, duka la kompyuta za kukodi, haliwezi. Mwaka mmoja niliingia saiberi kuchapisha barua, nikafungua folda ya hati, nikakuta safu ya faili za zip za ritani, moja chini ya nyingine, kila moja ikibeba tarehe, saa na PIN kwenye jina lake. Nilizihesabu hadi arobaini nikaacha. Sikufungua hata moja, lakini hakukuwa na kitu cha kunizuia. Mtu akisema PIN si siri kwa kuwa tunaitoa kila tunaponunua kitu kwa ankara ya ushuru, anasema kweli. Kinachotisha ni PIN ikikaa pamoja na mshahara, akaunti na jina la mwajiri. Tapeli anayempigia mtu simu akiwa na hayo manne hahitaji kubahatisha lolote.

Wahudumu wa saiberi nao wana jibu, na si jibu baya. Wanasema mteja hurudi. Leo tovuti imekataa kupokea, anarudi kesho. Mwezi ujao mwajiri mpya anamtaka risiti ya ritani, anakuja tena akiuliza kama nakala yake ipo. Anayezitunza faili hizo mara nyingi anamtendea mteja hisani, hasa mteja asiye na kompyuta wala barua pepe anayoikumbuka nywila yake. Hisani hiyo naiheshimu. Lakini sheria hiyohiyo ya 2019 inataka data isishikwe kwa muda mrefu kuliko kazi iliyokusanyiwa, na kazi ile ilikwisha risiti ya kupokelewa kwa ritani ilipotoka.

Hapa wahasibu huingilia kati na kuuliza vipi kuhusu ushahidi, kwa kuwa sheria ya taratibu za ushuru inamtaka mlipaji atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Swali ni zuri, ila faili ya muda si jibu lake. Jedwali linaweza kubadilishwa baada ya zip kutengenezwa, na nakala ya kujikomboa inaweza kuwa ya kabla au ya baada ya mabadiliko hayo. Haithibitishi kilichofika KRA. Kinachothibitisha ni zip iliyopandishwa na risiti yake, na kinachozitetea ni fomu ya P9 ya mwajiri inayoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa, stakabadhi na taarifa za benki. Hizo ndizo za kuweka miaka mitano, kwenye flashi au barua pepe ya mwenyewe.

Kufuta nako kusichukuliwe kuwa ni kubofya mara moja. Faili hukimbilia pipa la taka kwanza. Na hata pipa likimwagwa, kwenye diski za zamani zinazozunguka maandishi hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Na kama folda ya hati imeunganishwa na hifadhi ya mtandaoni, nakala nyingine imeshapaa kwenye akaunti ya mwenye kompyuta, ambaye huenda si wewe.

Kwa hiyo msimamo wangu unategemea saa na mashine. Kabla ya risiti kutoka, usiguse faili ya muda hata moja, iwe nyumbani au saiberi. Risiti ikishatoka kwenye kompyuta yako mwenyewe, una wiki nzima ya kusafisha. Kwenye kompyuta ya watu, usiondoke kitini kabla hujafunga Excel kwa utaratibu, kufuta fomu na zip zote mbili, kumwaga pipa na kutoka kwenye akaunti ya iTax. Mzigo huu siwezi kumtwika mteja peke yake, maana wengi hawajui AppData ni kitu gani. Mhudumu anayelipwa kwa kazi hiyo ndiye anayejua pa kuangalia. Na mteja akirudi mwezi ujao kutafuta risiti, ipo njia ambayo haihitaji faili yoyote ya zamani: kwenye akaunti yake ya iTax kuna sehemu ya kuchapisha risiti upya, na mhudumu anaweza kumfungulia mbele ya macho yake.