Ukuta wa Dari Hautesi Kanisa

Kila mswada wa kudhibiti mashirika ya kidini ukitajwa Nairobi, simu za Wakristo wa Malindi hujaa sauti za wachungaji: tunateswa, shetani ameingia bungeni, tuombe na kufunga. Kufunga! Huko Shakahola, msituni bara ya Malindi, ambako mhubiri Paul Mackenzie anadaiwa kuwaambia waumini wafunge hadi kufa, makaburi yalianza kufukuliwa Aprili 2023 na miili iliyotolewa imepita 400. Madaktari wa serikali waliopasua miili hiyo walikuta wengi wameuawa na njaa, na baadhi, watoto wakiwemo, wamenyongwa. Nilidhani baada ya hapo tungeona haya kidogo. Wapi.

Wanasema Kifungu cha 32 cha Katiba kinatupa uhuru wa kuabudu. Kweli. Kifungu cha 53 cha Katiba hiyohiyo kinampa mtoto chakula, matibabu na elimu, wala hakisemi "isipokuwa babake ameokoka". Mtu mzima akifunga siku tatu, hayo ni yake na Mungu wake. Mtoto wa miaka minne hajaamua lolote.

Tena wanaodai Biblia haijui kanuni za serikali wafungue Kumbukumbu la Torati 22:8. Anayejenga nyumba mpya anaamriwa azungushe ukuta darini, yaani juu ya paa lake la bapa, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Sheria ya ujenzi, hiyo! Mwenye nyumba haulizwi anasali mara ngapi. Anayelindwa ni mgeni aliyepanda darini usiku bila kujua ukingo uko wapi. Na hao wanaopenda Wagalatia 5:1, uhuru wa Kristo, mbona hawafiki mstari wa 13, unaokataza uhuru huo kugeuzwa nafasi ya kufuata tamaa za mwili?

Haya, nitawapa kimoja, shingo upande. Kanuni zilizopendekezwa 2016 zilitaka mchungaji awe na cheti cha theolojia, makanisa yakapiga kelele, zikaondolewa. Petro alikuwa mvuvi, na cheti hakimzuii mwongo. Pia sheria peke yake haitoshi: mhubiri huyo wa Shakahola alishakamatwa hapa Malindi 2017 kwa habari ya watoto wasiopelekwa shule, na bado maafa yakatokea.

Lakini sheria iliyopo tayari, ya Vyama, Sura ya 108, inataka nini cha kutisha? Mkutano mkuu kila mwaka, hesabu zisomwe mbele ya wanachama, ritani, yaani taarifa za mwaka, zipelekwe kwa msajili. Mengine kanisa lijiwekee lenyewe: sadaka ihesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, ibada ikiisha tu, kiasi kiandikwe na wote watie sahihi, pesa ziende benki kesho yake. Zikilala kwa mchungaji hata usiku mmoja, hesabu imekufa. Shule ya Jumapili iwe na watu wazima wawili, mlango wazi.

Kiwanja ndicho kinachoumiza zaidi. Waumini wanachanga, hati inaandikwa jina la mchungaji "kwa sababu ndiye mwenye maono". Dawa ni kusajili wadhamini chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 164, hati ikae kwa jina lao kama chombo, mmoja akifa wengine waendelee. Hawataki, huko ni kuingiliwa na serikali. Basi mchungaji anafariki, kiwanja kinakuwa urithi wa wanawe, na waliochangia mabati wanaletewa barua ya wakili wahame. Hapo utawaona asubuhi na mapema mahakamani, wakiitafuta serikali ileile.