Mheshimiwa, usishuke kwenye gari kwanza

Mshauri wa kiongozi aliyekumbwa na kashfa ana kazi moja ngumu: kumzuia bosi asifungue mdomo kabla hajajua anachokwenda kusema. Hayo mengine, ya barua yenye nembo na muhuri, hata karani anaweza.

Nakumbuka Aprili 2008. Upepo wa Richmond, kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura iliyomng'oa Edward Lowassa kwenye uwaziri mkuu mwezi Februari, ulikuwa haujatulia. Mara Andrew Chenge, Waziri wa Miundombinu, akaulizwa na waandishi kuhusu zaidi ya dola milioni 1 kwenye akaunti yake kisiwani Jersey, wakati Waingereza wakichunguza rada ambayo Tanzania iliinunua kwa kampuni yao ya BAE. Alikanusha kosa lolote. Lakini pesa zenyewe akaziita "vijisenti".

Basi! Senti tayari ni ndogo, yeye akaibandika vi- na -ji- juu yake, ikawa ndogo mara tatu. Kijiweni kwetu Magomeni hakuna aliyebishana tena kuhusu rada. Mtu akidai chenji ya kahawa alisema, "Nipe vijisenti vyangu," na kashata zikawatoka watu mdomoni kwa kicheko. Aprili 20 waziri alijiuzulu. (Wapiga kura wa Bariadi walimrudisha bungeni 2010, kwa hiyo hesabu za Dar si za nchi nzima.) Lowassa naye, mwaka 2015, alipata kura zaidi ya milioni 6 za urais. Naamini kuondoka mapema kulimsaidia, ingawa wapo watakaonicheka.

Nasema haya kwa sababu nimewahi kukalia kiti hicho cha mshauri. Bosi wangu wa zamani, simtaji, alituhumiwa kuhusu zabuni. Nikamwandikia mistari minne: tuhuma nimezisikia, nyaraka hizi hapa, nakaa pembeni uchunguzi ufanyike. Akaisoma, akavua miwani.

"Kijana, unataka kunizika?"

Ikatoka barua ya kurasa mbili, saa tatu usiku, Ijumaa: taarifa ni za upotoshaji, zinatoka kwa wasiolitakia mema taifa, zipuuzwe. Nyaraka hakuna. Niliichapa mwenyewe.

Asubuhi nilikuwa siti ya nyuma kwenye daladala ya Mbagala. Abiria mmoja alikuwa akiisoma kwa sauti kwenye simu. Alipofika kwenye "zipuuzwe", konda akadakia, "Nauli nazo zipuuzwe?" Gari zima likacheka, nami nikacheka.