Lithiamu au valproeti: maabara ikiwa mbali, nani aanzishiwe ipi?

Mgonjwa wa baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, anayeletwa hospitali ya wilaya akiwa hajalala wiki nzima, anasema bila kukoma na ameshaanza kugawa mali yake, mara nyingi hurudi nyumbani na vidonge viwili: haloperido ya kumtuliza na valproeti ya kuendelea nayo. Lithiamu haiguswi. Ukiuliza kwa nini, jibu ni lilelile: inataka kupimwa damu, na kipimo hakipo. Hoja hiyo ina uzito. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wenyewe unasema lithiamu isianzishwe pasipo uangalizi wa karibu na maabara. Lakini tumeizoea mno hoja hii, na gharama yake inabebwa zaidi na wanawake.

Kabla ya dawa, ugonjwa wenyewe uwe umetambuliwa. Kupanda, yaani mania, hudumu wiki moja au zaidi. Sonona hudumu wiki mbili au zaidi. Wengi huja hospitali wakiwa chini, wakapewa amitriptilini, dawa ya sonona, peke yake, na dawa hiyo ikawapandisha. Swali moja hupunguza kosa hili: je, umewahi kukaa siku kadhaa ukilala saa mbili tatu tu, na bado ukaamka na nguvu tele? Ndugu anayeishi naye aulizwe pia, maana mgonjwa huzikumbuka siku hizo kama siku njema.

Lithiamu ilielezwa kama tiba ya mania na daktari John Cade wa Australia mwaka 1949, na hadi leo dawa mpya hazijaipokonya nafasi yake. Hupunguza kurudi kwa mania na sonona, na ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko zote wa kupunguza vifo vya kujiua. Ubaya wake ni kwamba kiwango kinachotibu na kile kinachodhuru vimekaribiana sana. Kwa kuzuia ugonjwa usirudi tunataka milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita ya damu; ikifika 1.5 sumu imeanza, na ikipita 2.0 maisha yako hatarini.

Damu hutolewa saa 12 baada ya dozi. Anayemeza saa tatu usiku atolewe saa tatu asubuhi, kabla ya kumeza nyingine. Hupimwa wiki moja baada ya kuanza na baada ya kila badiliko la dozi, kisha kila miezi 3 kwa mwaka wa kwanza, na baadaye kila miezi 6, pamoja na figo, tezi ya thairoidi na kalsiamu. Kuna kosa dogo la maabara linaloharibu kila kitu: chupa yenye kifuniko cha kijani, ambayo mara nyingi huwa na heparini ya lithiamu (kizuia damu kuganda chenye lithiamu) ndani yake. Damu ikiwekwa humo, majibu huonyesha sumu ambayo mgonjwa hana.

Sumu ya kweli nayo huanzia mahali pa kawaida kabisa. Figo huishughulikia lithiamu kama chumvi. Mwili ukipungukiwa maji au chumvi, kwa kuhara, kutapika au jasho jingi, figo huirudisha lithiamu mwilini badala ya kuitoa. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa hufanya hivyohivyo, na za presha kama enalapili, losatani na haidroklorothiazidi pia. Mtu anaumwa mgongo, ananunua diklofenaki ya siku tano, na siku ya nne mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika, anayumba, ulimi mzito, anatapika. Familia hudhani ugonjwa umerudi na kumwongezea vidonge. Hapo dawa isimamishwe na afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamo inatosha.

Valproeti haina masharti hayo ya kupima. Ipo hospitali nyingi kwa sababu ya kifafa, hutuliza mania haraka, na anayesahau dozi mara kwa mara huwa salama zaidi nayo. Kwa mwanamume anayeishi mbali, ni chaguo la busara. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, sikubaliani nalo. Kati ya watoto 10 waliokulia tumboni dawa hii ikitumika, takriban 1 huzaliwa na kasoro ya mwili, na 3 hadi 4 huchelewa kukua kiakili. Mfereji wa uti wa mgongo hufunga ndani ya wiki 4 za kwanza, mama hajajua kama ni mjamzito, na foliki asidi haiondoi hatari hiyo. Lithiamu nayo ina hatari kwa moyo wa mtoto, ila ni ndogo zaidi. Kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa na mania, si njia ya mkato: hudhoofisha vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, na hushusha dolutegraviri kwa anayetumia ARV.

Zahanati isiyoweza kupima hata kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, isianzishe lithiamu. Hospitali ya wilaya ni jambo jingine. Kreatinini inapimwa pale, na kinachokosekana ni kiwango cha lithiamu tu. Seramu, yaani majimaji ya damu, ikishatenganishwa huvumilia safari ya siku nzima, hivyo sampuli inaweza kwenda mkoani na gari la sampuli nyingine, mgonjwa akabaki kwake.

Kinachonitia hofu zaidi ni ghala la dawa. Lithiamu ikikatwa ghafla, mania hurudi kwa kasi; kuiacha hutaka kupunguza kidogokidogo kwa wiki 4 angalau, ikiwezekana miezi 3. Kwa hiyo mfamasia aulizwe kabla ya kidonge cha kwanza: vilivyopo vinamtosha mgonjwa huyu miezi mitatu?