Kutwa Mara Tatu, na Usiku Je?

Nimechoka na 1×3. Ile alama inayochorwa kwa kalamu ya bluu juu ya kibahasha cha dawa, haraka haraka, mteja wa pili akiwa ameshapenyeza noti yake dirishani. "Moja kutwa mara tatu, mama." Mama anaitikia, anatia kibahasha mkobani, anaondoka. Kwa Panadol sina ugomvi na hesabu hiyo. Kwa antibiotiki ninao, tena mkubwa, na unaanzia kwenye lile neno kutwa.

Kutwa ni nini? Hapa hatuhitaji kamusi. Ni tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Kibarua cha kutwa kinaisha jioni. Mwanafunzi wa shule ya kutwa akisikia kengele anabeba begi lake anarudi kwao. Tukitaka kuongeza na giza tunasema kutwa kucha. Basi mgonjwa aliyeambiwa "kutwa mara tatu" anafanya hasa alichoambiwa: cha kwanza saa 2 asubuhi na chai, cha pili saa 7 mchana na ugali, cha tatu saa 1 usiku, halafu analala. Hajakosea kitu. Ameitii lugha yake. Daktari alipoandika cheti alikuwa anahesabu saa 24. Kibahasha kimehesabu 12.

Piga hesabu sasa. Saa 2 hadi saa 7 ni saa tano. Saa 7 hadi saa 1 ni saa sita. Saa 1 usiku hadi saa 2 asubuhi ni saa kumi na tatu.

Chukua amoksisilini, maana ndiyo inayomezwa kuliko zote. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, nusu ya dawa iliyomo kwenye damu huondoka kwa saa moja hadi saa moja na nusu. Nzima inabaki nusu, nusu inabaki robo, na nyingi inaishia chooni na mkojo. Dawa za ukoo huu, penisilini na ndugu zake, haziui kwa ubabe wa dozi moja kubwa. Zinaua kwa kukaa. Kinachohesabika ni muda ambao kiwango cha dawa kiko juu ya kile kinachomzuia bakteria kujenga ukuta wa seli yake. Kikishuka chini ya hapo, bakteria aliyenusurika anaanza tena kugawanyika kana kwamba hakuna aliyemgusa. Saa nane kati ya dozi na dozi zimepangwa kwa kuzingatia hilo: dawa inashuka, lakini kabla adui hajajipanga vizuri, nyingine inaingia. Saa kumi na tatu hazikupangwa na mtu. Mchana unapigana, usiku unawaachia uwanja, tena kila usiku, siku tano mfululizo. Kisha tunasema dawa za siku hizi ni feki.

Dawa kama hii ni mwanafunzi wa bweni. Usiku lazima awepo.

Na ajabu ni kwamba saa zetu za Kiswahili zimetupa urahisi ambao hatuutumii. Kila baada ya saa 12? Saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Namba ni ileile, hata bibi asiyejua kusoma hasahau. Kila baada ya saa 6? Saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Kila baada ya saa 8? Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Hakuna anayeamshwa usiku wa manane kwa ajili ya 1×3. Unameza unapoamka, unameza mchana, unameza unapokwenda kulala. Basi! Kumwambia mtu hivyo kunachukua pumzi moja.

Haya, nikubali mambo mawili, shingo upande. La kwanza, hakuna anayetaka ukae na saa ya ukutani kama refa. Pengo la saa saba au tisa badala ya nane si dhambi. Ukisahau, meza pale utakapokumbuka. Kama dozi inayofuata imekaribia, ruka iliyopita uendelee na ratiba, usimeze mbili kufidia. La pili, si kila antibiotiki iko hivi. Azithromaisini, ile wengi wanayoiita azuma, inajificha kwenye tishu na kutoka taratibu, ndiyo maana hutolewa mara moja kwa siku na mara nyingi kwa siku tatu tu. Lakini mtu akishazoea kwamba "dawa kali ni ya siku tatu", na amoksisilini nayo anaikatisha siku ya tatu. Dawa mbili, tabia mbili, na hakuna aliyemweleza.

Hapo tunafika kwenye namba ambayo 1×3 haina kabisa: siku ngapi? Amoksisilini ya mg 500, moja kila baada ya saa 8, siku 5, ni vidonge 15. Pakiti ina 10. Unaona mtego ulipo? Mtu anaomba "pakiti moja", anapewa 10, anafika siku ya nne asubuhi dawa imekwisha, homa imeshuka, anajiona amemaliza dozi kwa sababu pakiti imeisha! Pakiti ni mpango wa kiwanda, haijui una ugonjwa gani. Na kama kidonge ni cha mg 250, agizo lilelile linataka 30. Zidisha mwenyewe palepale dirishani, vidonge mara idadi kwa siku mara siku, kisha uhesabu ulivyopewa. Kama fedha haitoshi, sema haitoshi, mfamasia akutafutie aina ya bei nafuu au arudi kwa aliyeandika cheti. Kununua tano "nianzie kwanza" ni kulipia ugonjwa urudi.

Najua kuna mjuaji atakayeniambia kwamba tafiti za miaka hii zimeonyesha siku chache zinatosha kwa magonjwa mengi, na kwamba kumeza zaidi ya inavyohitajika nako kunalea usugu. Kweli kabisa. Nimonia nyingi za watoto zinazotibiwa nyumbani sasa ni siku 5 au pungufu, ambapo zamani zingeandikwa 7 au 10. Lakini aliyefupisha ni mwongozo wa tiba. Si wewe siku ya pili, baada ya kuona koo halichomi. Mwaka 2019 watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara, ukilinganisha na idadi ya watu wake, ndiyo iliyobeba mzigo mzito kuliko wote. UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, si neno la semina na posho.

Watoto sasa, maana huko kibahasha kinageuka msiba.

Chupa ya unga. Gonga chupa kwanza unga ulegee chini. Maji yawe yamechemshwa na kupoa kabisa. Ya moto yanaharibu dawa. Tia kama nusu ya maji, funga, tikisa mpaka madonge yaishe, ndipo uongeze hadi mstari. Subiri povu litulie, tazama tena, kwa sababu povu linadanganya: unaona umefika kumbe bado. Ukishachanganya, maji hayaongezwi tena hata tone. Kila kabla ya kumpa, tikisa. Usipotikisa, mtoto anakunywa maji matamu siku za mwanzo, na dawa yote inabaki chini kumsubiri siku ya mwisho. Andika tarehe ya kuchanganya juu ya chupa. Amoksisilini iliyochanganywa, kwa nyumba isiyo na friji, ihesabie siku 7, halafu imwage. Yenye klavulaneti, kiungo cha pili kinachoilinda amoksisilini isivunjwe na bakteria, inataka friji, na kama huna, sema kabla hujaichukua. Ukipewa chupa mbili, ya pili ikae unga mpaka ya kwanza iishe.

Na kijiko? Kijiko cha chai cha nyumbani si kipimo, kila seti ina ukubwa wake. Omba bomba la sindano la ml 5 lisilo na sindano, ni bei ya andazi.

Sasa kosa lenyewe. Mtoto wa kilo 12 mwenye nimonia isiyo kali, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, anapewa amoksisilini mg 500 asubuhi na mg 500 jioni, siku 5 (hapa mwongozo umepanga kila baada ya saa 12, si 8, kwa dozi kubwa kulingana na kilo zake). Chupa ikiwa ya mg 125 kwa kila ml 5, hiyo ni ml 20 kwa mara moja, ml 40 kwa siku, ml 200 kwa tiba nzima. Chupa mbili za ml 100. Mtaani mtoto huyohuyo anapewa chupa moja na "kijiko kimoja kutwa mara tatu": mg 375 kwa siku badala ya 1,000. Mapafu hayajui kwamba mama amejitahidi. Chupa ya mg 250 kwa ml 5 inafanana na ya 125 kama pacha, kwa hiyo soma namba wala usiamini rangi ya boksi. Vile vidonge vya mg 250 vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji safi vinaondoa fujo yote hii: viwili asubuhi, viwili jioni, jumla 20, hakuna mstari wala povu. Vikiwepo, chukua hivyo.

Mengine kwa kifupi. Sipro na doksisaiklini hazipatani na maziwa, vidonge vya kuongeza damu wala dawa za kiungulia. Madini yanaikamata dawa tumboni isiingie kwenye damu. Sipro imezwe saa 2 kabla ya vitu hivyo au saa 6 baadaye. Doksisaiklini imezwe kwa glasi nzima ya maji, umekaa wima, usilale papo hapo, la sivyo itang'ang'ania kooni na kulichoma. Kloksasilini na Ampiclox zinataka tumbo tupu. Flagyl na pombe, karatasi ya ndani ya boksi inakataza, na siku mbili baada ya kidonge cha mwisho bado inakataza. Ukitokwa na vipele vya kuwasha, midomo ikavimba au pumzi ikabana, acha dawa nenda hospitali saa hiyohiyo. Mafua hayana antibiotiki, nimeshasema mara ngapi?

Na mfungaji wa Ramadhani asifiche swaumu yake dirishani. Dawa ya kila baada ya saa 12 inakaa kati ya futari na daku bila shida kubwa. Ya kila baada ya saa 8 haikai. Ukibana dozi tatu kati ya magharibi na alfajiri umerudi kwenye pengo lilelile, safari hii mchana. Sema mapema, aliyeandika cheti aone kama inafaa kubadilisha, au utumie ruhusa ambayo mgonjwa amepewa na Kitabu chenyewe, ulipe baadaye.

Wauza dawa watasema foleni ni ndefu na kibahasha ni kidogo. Foleni nakubali. Kibahasha nimekipima kwa macho, kinatosha hivi:

"Amoksisilini mg 500. Kidonge 1 kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Siku 5, jumla 15. Cha kwanza Jumatatu saa 8 mchana, cha mwisho Jumamosi saa 12 asubuhi."

Na nafasi inabaki ya kuandika jina la mgonjwa.