Namba ile si ya ubao unaoutazama

Wiki chache zilizopita nilishinda mchezo wa sataranji ambao, ukiuliza injini (programu ya kompyuta inayouchambua mchezo huu), sikuwa nimeushinda. Malkia wangu alikuwa kwenye mraba wa h6. Askari wangu mmoja alikuwa amejichimbia f6, na mfalme mweusi alikuwa amejibana g8 nyuma ya askari wake wa f7, g6 na h7. Nilibakiza hatua moja tu kutoa mati, yaani kumnasa mfalme asiponyoke, kwenye g7. Ilikuwa zamu ya mpinzani. Akautazama ubao kwa muda mrefu, akanipa mkono na kukubali kushindwa. Baadaye nikaiwasha injini ili nionje tena utamu wa ushindi ule, nayo ikaniandikia 0.00, yaani sawa kwa sawa; nafuu ya weupe huandikwa kwa alama ya +.

Nilikasirika kwelikweli. Nilidhani programu imekwama, nikaizima na kuiwasha upya. Sifuri ileile. Ndipo nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya tangu mwanzo: nikausoma mstari wa hatua ulioandikwa pembeni ya namba, nikazicheza ubaoni moja baada ya nyingine. Ngome nyeusi ya g4 inamla askari wangu wa g2 na kunipa cheki, yaani kumtishia mfalme wangu. Mfalme wangu anaila. Malkia mweusi anateleza kutoka d7 hadi g4, cheki. Mfalme anakimbilia h1. Malkia anahamia f3, cheki. Mfalme g1. Malkia anarudi g4, cheki tena. Pa kutokea hapakuwapo, maana f1 ilikuwa imezibwa na ngome yangu mwenyewe. Mati ya g7 ilikuwa bado inanisubiri, lakini kamwe nisingepata nafasi ya kuitoa. Sare.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja ambao nauambia kila anayenionyesha namba ya injini: hiyo namba si ya ubao unaoutazama. Ni ya ubao mwingine kabisa, ulio hatua kumi, ishirini au zaidi mbele, ambao hujauona. Injini haitupi jicho ubaoni na kusema "weupe wana nafuu" kama asemavyo mwalimu. Inatembea mbele kwenye matawi mengi mno, ikifika mahali inatoa hukumu, kisha inairudisha hukumu hiyo nyuma hatua kwa hatua, ikichukulia kwamba kila upande utachagua lililo bora kwake. Kinachoandikwa kwenye kioo ni hukumu ya mwisho wa safari. Ukiitazama namba bila kuufuata mstari, ni kama kusikia hukumu ya kesi bila kusikia ushahidi.

Wazo hilo si geni. Mwanahisabati Mmarekani Claude Shannon aliliandika mwaka 1950. Alipendekeza malkia ahesabiwe 9, ngome 5, askofu na farasi 3 kila mmoja, askari 1. Punguza nusu kwa kila askari aliyerundikana na mwenzake, aliyetengwa au aliyeachwa nyuma, ongeza 0.1 kwa kila hatua halali uliyonayo. Kinachonivutia zaidi ni tahadhari yake kwamba hesabu hii isifanywe kete zikiwa katikati ya kulana, bali ubao ukishatulia. Mpaka leo injini hufanya hivyo. Ikifika mwisho wa mstari haisimami hapo hapo, bali inaendelea kwanza na ulaji unaoning'inia, ndipo inahesabu.

Isipoona mbele vya kutosha, inapotoka. Mfano wa zamani ninaoupenda ni wa askofu na askari wa a7. Askofu mweupe anamla askari huyo, mweusi anasogeza askari wake wa b hadi b6, na mlango umefungwa. Mfalme mweusi atajikokota hadi b7 na kumla askofu taratibu. Injini inayokomea pale b6 itakuambia weupe wameongeza askari mmoja. Tena ikishaanza kuihisi hatari, inafanya kituko: inatoa askari wengine bure upande wa pili wa ubao, kwa sababu kila anapomla mmoja, mpinzani anatumia zamu, na ile hasara ya askofu inasukumwa mbali zaidi ya upeo wake. Kwa injini, isichokiona hakipo.

Hata hukumu yenyewe yaweza kudanganya. Weupe wana askofu na askari wa safu ya h, weusi wana mfalme tu, ameketi h8. Kwa hesabu ya Shannon weupe wako mbele kwa 4. Kama askofu huyo ni wa miraba myeupe, ni sare, kwa kuwa h8 ni mraba mweusi na askofu hawezi kamwe kumfukuza mfalme pale. Leo tuna hazina za majibu ya kila ubao wenye kete saba au pungufu, ambazo zilikamilishwa kwa muundo wa data uitwao Syzygy mwaka 2018, na injini iliyounganishwa nazo haikisii tena, inajua. Kete zikizidi saba, tumerudi kwenye makisio. Ndiyo maana bado utaona ubao ambao ulinzi wake hauvunjiki ukipewa +2 au +3 na injini inayozungushazunguka kete bila kwenda popote.

Kilichobadilika sana ni nani anayetoa hukumu. Stockfish ya zamani, injini maarufu kuliko zote, ilikuwa na maarifa yaliyoandikwa na watu, na ungeweza kuiomba jedwali: usalama wa mfalme kiasi hiki, uhuru wa kete kiasi hiki, askari waliopenya kiasi hiki. Toleo la 12, mwaka 2020, lilileta mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, wa aina ya NNUE, ambayo Yu Nasu aliibuni kwa ajili ya shogi, sataranji ya Kijapani, mwaka 2018. Kufikia toleo la 16.1, mwaka 2024, yale maarifa ya mkono yalikuwa yameondolewa yote. Injini ni kali kupita zamani zote, lakini jedwali la sababu limekwenda nayo maarifa yale. Nakiri kwamba nalililia jedwali lile.

Hata hivyo bado kuna dirisha dogo. Andika amri ya eval, nayo Stockfish itakuchorea ubao wenye namba chini ya kila kete isipokuwa wafalme. Namba hizo hupatikana kwa kuiondoa kete moja, kuupima ubao upya na kutazama tofauti. Hapo utakuta farasi aliyejikita katikati ana uzito wa kushangaza, na ngome iliyofungiwa kona haifiki hata karibu na ile 5 tuliyofundishwa utotoni. Kwangu hilo ni somo kubwa kuliko upau wowote wa namba ya injini unaopanda na kushuka pembeni ya matangazo ya mashindano.

Na upau huo nao una maana yake, ambayo wengi hawaijui. Tangu Stockfish 15.1, +1.00 haimaanishi tena askari mmoja wa ziada. Inamaanisha nafasi ya kushinda asilimia 50, injini ikicheza na mwenzake aliye sawa nayo. Mwenzake, si wewe wala mimi. Kwa hiyo 0.00 ya ubao uliokufa, wenye wafalme na askari waliogandana, na 0.00 ya mchezo wangu, ambao hatua moja tu ndiyo ingemwokoa mpinzani, zinaandikwa sawasawa. Nadhani hili ndilo kosa kubwa la wanaozichambua mechi kwa kusoma namba tu.

Sasa namna yangu ya kuitumia imebadilika. Injini ikikataa hatua yangu, naicheza hiyo hatua ubaoni niione inavyoadhibiwa. Wakati mwingine namba inaruka ghafla na hatua yangu inageuka kuwa nzuri, kwa sababu injini hupunguza kina kwenye matawi inayoyadharau. Nikiwa Lichess, tovuti ya sataranji, nabonyeza x, inionyeshe mpinzani angefanya nini kama zamu ingekuwa yake. Na kabla ya kuiwasha naandika kwenye daftari namba yangu mwenyewe pamoja na sababu zake.

Nilianza na mchezo ule wa sifuri, nikiandika kwa uaminifu kile nilichokuwa nikikifikiri pale mezani. Niliweka +5. Sababu: mati g7, mfalme mweusi hana hewa, askari wa f6 hang'oki. Ngome ya g4 sikuitaja popote.