Bibi, mzinga na skrubu sita

Niseme mapema tusipotezeane muda: darubini ilikua nzima. Nzima kabisa. Aliyeiharibu ni mimi, kwa mikono hii hii inayobadilisha vioo vya simu mtaani kila siku, na nliiharibu kwa kuitengeneza.

Ilikuja kwenye kontena kutoka Muscat, kaka yangu anafanya kazi huko, akaiweka katikati ya magodoro. Bomba jeupe, mdomo wazi, nene kuliko paja. Bibi, ambaye naishi nae hapa Dodoma, akalizunguka mara mbili akasema, "Mume wangu, umenunua mzinga?" Mi nikajua anamaanisha mzinga wa vita, nikacheka nikasema ndio bibi, mzinga. Kumbe mwenzangu yuko kwenye nyuki. Akauliza nitautundika mti gani, na mbona nyuki wameachiwa mlango mkubwa hivo. Kufika jioni mtaa mzima unajua fundi simu kaanza ufugaji, mpaka leo nikipita dukani naulizwa asali lini.

Sasa siku ya kwanza nikailenga mnara wa simu ulioko kaskazini mwa nyumba. Nikachungulia. Mnara umesimama kwa kichwa. Nikafuta jicho, nikarudia, mnara kichwa chini, na kuna jamaa anapita na baiskeli kwenye dari. Hapo ufundi ukanipanda. Nikasema aisee, vioo vimegeuka safarini, kontena limerushwa rushwa bandarini hili. Nikavuta boksi la bisibisi.

Mambo ya ndani ni mepesi kwa kuyasema. Mwanga unaingia mdomoni, unashuka hadi chini kwenye kioo kikubwa kilichobonyea, changu kina upana wa milimita 130, unarudi juu unakuta kioo kidogo bapa kimelazwa nyuzi 45, kinautupa pembeni kwenye lenzi unayochungulia. Newton alitengeneza ya kwanza ya namna hii mwaka 1668. Miaka yote hiyo watu wameiheshimu, nikaja mimi na bisibisi.

Kitako chake kina skrubu sita. Tatu zina springi, ndo zinazoinamisha kioo, tatu nyingine ni za kukaza tu kisicheze. Mi sikujua, nikalegeza zote sita kwa roho safi. Picha bado kichwa chini. Nikahamia kioo kidogo cha juu, na hapa ndo nilifanya kosa ambalo hata mtoto wa fundi baiskeli asingelifanya: nikasimamisha bomba wima kama pipa, nikainama kwa juu na ile spana ndogo ya herufi L, mkono una jasho. Koh!

Ule mlio bado nausikia nikilala. Spana ilishuka urefu wote wa bomba ikatua kwenye kioo kikubwa. Bibi akauliza kutoka jikoni, "Nyuki wameingia?" Nikamjibu bado. Nikafungua kitako, namshukuru Mungu, kimemeguka pembeni tu kipande kama mbegu ya ufuta, ambacho baadae nliambiwa hakidhuru chochote. Ila katikati ya kioo nikaona kastika kaduara, nikasema hawa nao, stika ya bei wanabandika katikati ya kioo kweli? Nikaanza kukakwangua hako kastika na kucha. Nilifika nusu ndo mteja akapiga simu.

Usiku nikasoma soma nikajua kumbe kuna kitu kinaitwa kolimesheni, yaani kuvipanga vioo vyote viwili vitazamane dede na lenzi, na watu wanatumia leza. Leza ninayo! Ile ya kuchezea paka, ya kwenye funguo. Nikaivalisha tepu ya umeme mpaka ikajaa kwenye tundu la lenzi, nikakaza skrubu mpaka kadoti kekundu kakaenda kakarudi palepale kalipotoka. Safi kabisa. Tatizo ni kwamba leza yenyewe ilikua imepinda ndani ya ganda lake. Ningeizungusha tu pale kwenye tundu ningeona kadoti kanachora duara, ningejua. Sikuizungusha. Kwa hiyo nlikua nimenyoosha darubini nzima ifuate kitu kilichopinda, na nimekaza kwa nguvu zote.

Na kesho yake ilikua Jumapili tarehe 7 Septemba 2025, mwezi unapatwa.

Mtaa wote nilishautangazia. Kufika saa 1:27 usiku mwezi ukaanza kuliwa, uani watoto wamepanga foleni, kina mama wamekuja na viti vyao, na mzee wa jirani akasema akitoka msikitini kwenye swala ya kupatwa kwa mwezi atapitia. Saa 2:30 mwezi ukawa mwekundu wote kama shaba. Mzuri! Kila mtu anauona, isipokua anayechungulia kwenye darubini. Mtoto wa kwanza akasema anaona kope zake. Wa pili akaona moshi. Wa tatu, huyu mstaarabu, akasema "naona, naona" akampisha mwenzake haraka. Mi nikichungulia naona nyanya iliyokanyagwa, ina mkia upande mmoja. Nikaweka simu kwenye lenzi nipige picha niliyowaahidi, ikatoka nyanya ile ile ila mbichi zaidi. Mzee kaja, kainama kwa heshima, kakaa pale muda mrefu, kanyanyuka kaniambia "Mwanangu, Mungu akubariki," kaenda kukaa na wenzie kuangalia mwezi kwa macho.

Bibi ndo alimaliza. "Kwani bila mzinga si tunauona?"

Kesho yake nikampigia kaka video ya WhatsApp. Nikamweleza yote, toka mnara hadi mwezi. Kimya. Nikadhani bando limekata. "Mdogo wangu," akasema, "darubini ya vioo picha yake huwa inageuka. Ndo ilivyo. Angani nani anajua juu ni wapi?" Nikamuuliza, kwa hiyo haikua na shida? "Haikua na shida." Na kile kistika? "Umekitoa?" Nusu. Kimya tena, na safari hii bando lilikuwepo.

Basi akanielekeza. Nilaze bomba kwenye mkeka, spana ikianguka ianguke chini. Leza nitupe. Nichukue kifuniko cha kopo la vitamini, nikitoboe katikati kwa msumari wa moto, nichungulie hapo. Kioo kidogo nikigeuze mpaka nione kioo kikubwa chote pamoja na vile vishikizo vyake vitatu, halafu skrubu za kitako mpaka kivuli cha katundu kakae ndani ya kale kaduara ka stika, kumbe ndo alama ya katikati ya kioo, yaani nusu duara, kwa juhudi zangu. Nusu saa kikakaa.

Akasema umalizie kwa nyota usiku. Tafuta nyota ya kaskazini, ile haitembei, haitakusumbua. Nikakaa juu ya ndoo natafuta kaskazini, chini chini karibu na upeo, nikaiona! Nyekundu kidogo, na kweli haitembei hata unywele. Nimehangaika nayo saa nzima ndo ikanijia kwamba hii ni taa ya mnara wa simu. Ule ule. Kaka anasahau yeye yuko Muscat, huku Dodoma tuko kusini ya ikweta, nyota yake hiyo haitokei kabisa.

Nikahamia Altair, ilikua karibu na utosini, nyota nyeupe nzuri, nikaweka lenzi ya milimita 10. Ukiivuruga fokasi kidogo inakua sahani yenye tundu jeusi, lile tundu ni kivuli cha kioo kidogo, na linatakiwa likae katikati kabisa. Langu limeegemea pembeni. Ukigusa skrubu nyota inakimbia, uirudishe, uchungulie tena, na huku kwetu inakimbia yenyewe pia. Mikono haitoshi, ikabidi nimuite bibi akae kwenye kigoda chini ya kitako, azungushe skrubu.

"Kulia kidogo bibi!" "Kulia kwangu au kwako?" "Kwako. Hapana, kwangu. Rudisha!" Nikazungusha na mimi, skrubu zote tatu.

Bibi akanipiga kofi la mkono. "Mume wangu, hiki si chungu kwenye mafiga? Chungu kikiinama unasogeza figa moja. We unayasogeza yote, ugali utapikwa saa ngapi?" Akayapa majina palepale: hili la dukani, hili la chooni, hili la mwembeni. Nikachungulia nikasema la chooni, kidogo. Akasogeza. Nikairudisha nyota. La mwembeni, nusu tu. Akasogeza. Tundu likakaa katikati kama kitovu, na mistari ya duara ikalizunguka pande zote sawa. Dakika 10 hazikufika.

Tulipoielekeza sayari ya Zohali wiki ya pili yake ilikua kali kama imechorwa, ila mwaka huo pete zake zilikua zimetugeuzia ubavu, zinaonekana kama kamstari tu. Bibi akaangalia sana. "Hiki kidanzi nani kakichoma njiti?" Nikamwambia ndo ilivyo bibi. Akanitazama, akaangalia boksi la bisibisi, akanitazama tena.

Ile spana ya L sasa hivi anaifunga yeye kwenye pindo la kanga, pamoja na hela yake ya ugoro. Nikiitaka naomba, na kwanza naulizwa figa lipi.