Malindi hadi Manda kwa ndege dakika 10? Nani kasema?

Programu za kukadiria muda wa safari za ndege zinachosha jamani. Malindi hadi Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu, ni kilomita 140 hivi kwa mstari ulionyooka, nazo zinakuambia dakika 10. Zimegawa kwa mwendo wa jeti kubwa, kilomita 850 kwa saa! Ndege ndogo ya pangaboi ikienda 300 kwa saa, hiyo ni dakika 28 angani, na bado hujahesabu kupaa, kupunguza mwendo na kujipanga kutua. Andika 35. Tena ukitua hujafika Lamu: uwanja uko kisiwa kingine. Uburure mzigo mpaka gatini, ungoje boti ijae, uvuke mkondo. Hizo dakika mbona haziwekwi?